Walioipa Ardhi ya Naro Moru Thamani Yake

Thamani ya ardhi huzungumzwa kana kwamba imo ndani ya udongo wenyewe, kama chumvi ilivyomo baharini, lakini historia ya Naro Moru, mji mdogo wa Kieni Mashariki ulio kando ya barabara kuu itokayo Nyeri kwenda Nanyuki, inaonyesha kwamba thamani hiyo ilipachikwa mara nyingi, na watu tofauti, kwa makusudi tofauti. Kupachika thamani, kwa maana inayotumika hapa, ni kukikadiria kitu kwa uamuzi wa mamlaka fulani, iwe ni mthamini anayehesabu kwa ajili ya kodi, serikali inayotaka kununua, au chombo cha kimataifa kinachotaka kuhifadhi; bei, kwa upande wake, ni kile kinacholipwa hasa siku muuzaji na mnunuzi wanapokutana. Viwili hivi vyaweza kulingana, ila huko Naro Moru vilitengana kwa vipindi virefu, na pengo lililokuwa kati yake lililipwa mara nyingi na mtu ambaye hakuulizwa neno wakati hesabu ilipofanywa.

Eneo lenyewe halirahisishi kazi ya mthamini. Jina la Naro Moru limetokana na lugha ya Kimaa na linahusu mawe meusi, na mto wenye jina hilohilo huanzia kwenye barafu na vinamasi vya bonde la Teleki, chini ya kilele cha Batian chenye urefu wa mita 5,199, ukateremka kuelekea magharibi hadi ukajiunga na Ewaso Nyiro. Mji uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lakini uko upande wa machweo wa mlima, upande usiokabili pepo za mvua zitokazo Bahari ya Hindi, hivyo mvua hupungua haraka kadiri mtu anavyotoka msituni kuteremkia nyanda za Laikipia. Ekari moja ya juu, karibu na msitu, hustawisha viazi na kabichi, na ekari nyingine, kilomita chache tu chini yake, haitoi mahindi ila katika mwaka wa neema. Kipimo chochote cha thamani kilichohesabu ekari bila kuuliza maji yako wapi kilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Wafugaji waliozungumza Kimaa, ambao jina la mahali ni ushahidi wa kuwapo kwao, waliithamini nchi hii kwa majira: nyasi za karibu na mlima zilikuwa akiba ya kiangazi, na thamani yake ilipanda nyanda zilipokauka na kushuka mvua iliponyesha. Hapakuwa na haja ya kuihesabu kwa mifugo, kwa sababu hapakuwa na anayeiuza. Kusini zaidi, kwenye migongo ya Nyeri, Wakikuyu walikuwa na utaratibu mwingine uliokomaa, ambao ni muhimu kwa yaliyofuata kwa kuwa wajukuu wa watu hao ndio waliokuja kuinunua Naro Moru. Ardhi ya ukoo, iliyoitwa githaka, iliweza kutolewa kwa mbuzi na kondoo waliohesabiwa mbele ya wazee. Kondoo dume aliyenoneshwa, ngoima, alichinjwa, mpaka ukatembelewa na wazee na wenyeji wa pande zote mbili, taatha, yaani mabaki ya majani yaliyomo tumboni mwa mnyama, ikanyunyizwa kwenye mstari wa mpaka, na mayungiyungi yaitwayo itoka yakapandwa ili mizizi yake ishuhudie pale ambapo kumbukumbu za watu zingesahau. Jambo la kuzingatia katika utaratibu huo ni kwamba mauzo mengi yaliweza kukombolewa: aliyetoa ardhi kwa sababu ya shida alikuwa na haki ya kurudisha mbuzi na kuichukua tena. Idadi ya mbuzi, basi, haikudai kuwa kipimo cha ardhi yote na vizazi vyake vyote. Ilikuwa kipimo cha deni kati ya koo mbili zilizojuana, na mlango uliachwa wazi.

Sheria ya kikoloni iliufunga mlango huo bila hata kuutaja. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 iliruhusu serikali kupangisha ardhi kwa miaka 99, na ile ya 1915 ikarefusha muda huo hadi miaka 999, huku ikiingiza ndani ya ardhi ya Taji hata ile iliyokaliwa na wenyeji. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth, katika kesi ya mpaka kati ya Wakikuyu wawili, aliamua kwamba wenyeji walikuwa wapangaji kwa hisani ya Taji tu, watu wanaoweza kuondolewa wakati wowote mwenye mali anapotaka. Kwa hukumu hiyo kila mbuzi aliyewahi kutolewa kwa ajili ya githaka alipoteza maana mbele ya sheria, ingawa itoka ziliendelea kuota mipakani. Wamaasai wa Laikipia walikuwa wameonja jambo la namna hiyo miaka minane mapema: mkataba wa 1904 uliwaahidia nchi hiyo kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani, mkataba wa 1911 ukawahamisha kwenda kusini, na walipoenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kwamba mikataba kati ya dola na dola haiwezi kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Walihesabiwa kuwa dola kwa muda wa kutosha tu kuwanyima haki ya kushtaki.

Nyanda zilipokwisha kuachwa wazi, zilipewa thamani mpya kwa njia ya kura. Mpango wa kuwapa ardhi askari waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza uligawa mashamba mwaka 1919 kwa bahati nasibu iliyochezwa katika ukumbi wa maonyesho wa Theatre Royal jijini Nairobi, na nchi iliyo magharibi na kaskazini ya Mlima Kenya ilikuwa miongoni mwa zilizogawiwa. Mashamba mengine yalitolewa bure na mengine kwa malipo ya miaka mingi, kwa hiyo ekari moja ingeweza kuwa zawadi upande mmoja wa kijito na deni upande wa pili, na tofauti ilitokana na kikaratasi kilichochomolewa. Wengi wa waliopata hawakuwa wameiona nchi yenyewe. Mwaka uliofuata walowezi waligundua kwamba hata fedha waliyohesabia ilikuwa na thamani ya kupachikwa: rupia, iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi moja na peni nne za Uingereza, ilipanda baada ya vita na mwaka 1920 serikali ikaifunga kwenye shilingi mbili, hatua iliyoongeza kwa nusu nzima mzigo wa deni la rupia kwa mkulima aliyeuza mazao yake kwa pauni. Malalamiko yao yalijaza magazeti ya Nairobi. Jibu moja walilolipata kwa urahisi lilikuwa kutafuta nafuu katika ujira wa wafanyakazi wao Waafrika, na mwaka 1921 pendekezo la kuupunguza kwa theluthi moja lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamsha siasa za kupinga ukoloni za Harry Thuku.

Reli ilipoupita mji wa Naro Moru mwishoni mwa miaka ya 1920, ikielekea Nanyuki, ardhi ilipanda thamani bila mwenye shamba kushika jembe. Sheria ya 1915 ilikuwa imelifikiria jambo la namna hiyo, kwa kuwa kodi ya ardhi ya Taji ilikusudiwa kupitiwa upya baada ya miongo kadhaa kwa kutazama thamani ya ardhi isiyoendelezwa, yaani ile ambayo ardhi ingekuwa nayo kama ingeondolewa nyumba, uzio, josho na mazao yote na kubaki pori tupu. Dhana hiyo ina ujanja wake. Humtaka mthamini akae mbele ya shamba linalofanya kazi na kuwaza shamba ambalo halipo, kisha aliandikie bei. Na pori hilo la kuwaziwa halina mfugaji wala mkulima wa zamani ndani yake, kwa sababu wangewaziwa nao, swali la nani alistahili kulipwa lingefufuka.

Ndani ya mashamba hayo waliishi maskwota, yaani familia za wafanyakazi, wengi wao Wakikuyu kutoka Nyeri, walioruhusiwa kulima kipande na kuchunga mifugo michache kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi siku kadhaa kwa mwaka. Sheria za 1918 na 1937 zilizidi kubana mifugo yao na haki zao. Wao ndio waliochimba mifereji, wakasimamisha nguzo za uzio, wakajenga majosho na kung'oa visiki ili ngano ipandwe. Katika daftari la mthamini kazi hiyo yote iliitwa maendelezo ya shamba na kuongezwa kwenye thamani ya mmiliki.

Hapo ndipo tathmini iliyoacha alama kubwa kuliko zote inapopaswa kutazamwa kwa karibu. Mkutano wa kwanza wa Lancaster House, uliofanyika London mapema mwaka 1960, ulipoonyesha wazi kwamba Kenya ingetawaliwa na Waafrika walio wengi, soko la mashamba ya walowezi lilianguka: wauzaji walikuwa wengi, wanunuzi hawakuonekana, na shamba lililokuwa mali mwaka uliotangulia likawa mzigo. Vyama vya walowezi viliishinikiza Serikali ya Uingereza iwahakikishie bei, na kutokana na mashinikizo hayo, pamoja na hofu ya kwamba wasio na ardhi wangevamia mashamba, ukazaliwa mwaka 1962 mpango wa kununua ekari milioni moja na kuzigawia familia za Kiafrika zipatazo 35,000. Fedha zilitoka kwa Uingereza kwa misaada na mikopo, na kwa sehemu ya mpango kutoka Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Makoloni. Swali lililobaki lilikuwa moja: shamba lithaminiwe kwa bei ya lini?

Jibu lilikuwa bei ya 1959. Wathamini walitakiwa kukadiria shamba kwa kiwango ambacho lingeuzwa katika soko la mwaka huo, kabla ya Lancaster House, kana kwamba mkutano haukufanyika. Utetezi wa uamuzi huo haukukosa hoja, maana bei ya 1961 ilikuwa bei ya hofu, na hofu si kipimo cha rutuba. Lakini bei ya 1959 nayo ilikuwa na siasa ndani yake: ilikuwa bei ya nchi ambamo Mwafrika alikatazwa kumiliki ardhi katika Nyanda za Juu za Wazungu, zilizowekewa mipaka rasmi kwa amri ya 1939, ambamo ujira ulikuwa mdogo kwa sababu ya kodi ya kichwa, na ambamo benki ya ardhi ya serikali iliwakopesha walowezi peke yao. Mambo hayo yote yaliingia katika bei, na yote yalikuwa yanaondolewa na uhuru uleule uliosababisha mauzo. Mnunuzi mpya alitozwa kwa ajili ya upendeleo ambao asingeupata.

Aliyeketi kusaini mkopo huo, mara nyingi kwa kidole gumba, aliandikiwa muda wa miaka 30 kulipia ardhi kwa riba ya asilimia 6.5 kwa mwaka, pamoja na mkopo mwingine wa muda mfupi zaidi wa kununulia ng'ombe wa maziwa, mbegu na nyaya za uzio. Ukipigwa hesabu, kila shilingi 1,000 za mkopo wa ardhi ziligeuka kuwa takriban shilingi 2,300 hadi awamu ya mwisho ya malipo. Ukubwa wa kipande alichopewa nao haukutokana na ukubwa wa familia yake, kwa kuwa wapangaji wa mpango walianza na pato lililokusudiwa, ambalo katika vijiji vya msongamano mkubwa lilikuwa kati ya pauni 25 na 70 kwa mwaka baada ya chakula na marejesho ya mkopo, kisha wakarudi nyuma wakihesabu ekari zinazohitajika ili pato hilo lipatikane. Mahali pakavu paliandikiwa ekari nyingi, palipolowana chache. Karatasini hesabu ilitimia. Mvua ya Naro Moru haikuisoma karatasi hiyo, na malimbikizo ya madeni yakawa habari ya kawaida katika miradi ya makazi muda si mrefu baada ya uhuru.

Kati ya wanasiasa waliolipinga jambo hilo hadharani, Bildad Kaggia alikuwa na hoja iliyonyooka kuliko wote: ardhi iliyochukuliwa bila malipo haiwezi kuuzwa tena kwa wenyewe. Aliondoka katika wadhifa wa waziri msaidizi mwaka 1964, na mwaka 1966 akaungana na Oginga Odinga katika chama cha upinzani cha KPU. Rais Kenyatta alimjibu kwa kudhihaki neno la bure, na msimamo wa serikali ukabaki kuwa mauzo yafanyike kati ya muuzaji kwa hiari na mnunuzi kwa hiari, maneno yaliyosikika kuwa ya haki kwa kuwa hayakutaja kwamba hiari ya mmoja ilikuwa imewekewa sakafu ya bei ya 1959 na hiari ya mwingine haikuwekewa chochote. Inafaa kuongezwa kwamba aliyekuwa skwota wa shamba husika, akibahatika kupata kipande, alilipia kwa riba josho alilolijenga mwenyewe.

Mashamba ya Kieni ambayo serikali haikuyanunua yalichukuliwa katika miaka ya 1960 na 1970 na kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi. Hapa thamani ilivaa sura ya hisa. Watu walichanga fedha za kahawa, za ualimu, za duka na za mbuzi waliouzwa, wakapewa vyeti vya hisa, na siku ya kugawa ilipofika mpima ardhi, ambaye watu humwita saveya, alipanda bikoni na wanachama wakaokota nambari za vipande. Aliyekuwa na hisa mbili alipata mara mbili ya mwenye moja, lakini nambari ndiyo iliyoamua kama kipande kiko kando ya mto au juu ya mwamba. Bahati nasibu ya 1919 ilirudi kwa mlango mwingine, safari hii ikichezwa na wakulima wenyewe, na kwa kuwa kampuni nyingi zilichelewa kutoa hatimiliki, cheti cha hisa kiliuzwa na kurithiwa kwa miaka mingi kana kwamba chenyewe ndicho shamba. Katika miaka ya 1980 serikali iliziagiza kampuni hizo zivunjwe na wanachama wapewe hati. Hatimiliki iliifanya ardhi iweze kuwekwa rehani, na benki ikawa mthamini mpya, mwenye swali lake moja tu: shamba litapigwa mnada kwa kiasi gani mkopaji akishindwa.

Wakati huohuo thamani ilikuwa inahama kutoka kwenye udongo kwenda kwenye bomba. Walowezi walikuwa na mashamba machache na mifereji michache. Vipande vya wanahisa vilikuwa vingi, na kila kimoja kilihitaji maji. Miradi ya maji ya kijamii ilijenga banio mtoni na kuyateremsha maji kwa mvuto wa ardhi, bila pampu, hadi kwenye boma la mwanachama, na tangu miaka ya 1990 kilimo cha mboga na maua ya kuuzwa Ulaya kikaongeza kiu hiyo. Vipimo vya mto Naro Moru vilivyochukuliwa na watafiti wa Laikipia kwa miongo kadhaa vimeonyesha jinsi mtiririko wa kiangazi unavyopungua katika sehemu za chini. Sheria ya Maji ya 2002 iliweka msingi wa vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo huketi kupanga zamu ukame unapozidi. Siku hizi muuzaji wa shamba huko Kieni husema kwanza kama kuna mita ya mradi na mvua ya mahindi baadaye, na uanachama katika mradi wa maji huandikwa katika mapatano ya mauzo sawa na nyumba.

Mlima wenyewe ulipewa thamani ya daraja nyingine. Kwa Wakikuyu ulikuwa Kirinyaga, makao ya Ngai, na mtu aliuelekea anaposali. Mwaka 1949 ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1997 UNESCO ikauandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hukumu kwamba una thamani ya pekee kwa wanadamu wote. Tamko hilo halina shilingi ndani yake, lakini limepandisha shilingi za viwanja vinavyoutazama. Wapagazi wa njia ya Naro Moru, wanaobeba mizigo ya wageni hadi kituo cha hali ya hewa na kuvuka kinamasi cha mwinuko mkali juu yake, hulipwa kwa siku, na kiwango chao hupangwa katika mazungumzo ambayo neno la wanadamu wote halitajwi.

Kando ya barabara ya Nanyuki leo mashamba ya wanahisa yanakatwa tena, ekari kuwa robo, robo kuwa ploti za futi 50 kwa 100, na kwenye malango kadhaa vimepigiliwa vibao vya kutangaza kwamba shamba hili haliuzwi, onyo linalowalenga matapeli wanaouza mali isiyo yao, na pengine pia ndugu wa familia wenye haraka ya kurithi. Katika hali hiyo Bunge lilipitisha mwaka 2019 sheria ya kurekebisha masuala ya thamani ya ardhi, iliyoanzisha kielezo cha thamani, yaani jedwali rasmi la viwango kwa kila eneo, litakalotumiwa serikali inapotwaa ardhi kwa ajili ya barabara, bwawa au reli. Sheria hiyo inaagiza kwamba maendelezo yaliyofanywa katika miaka miwili kabla ya tangazo la kutwaa yasihesabiwe, ili walanguzi wanaonusa mradi wasijenge vibanda usiku kucha na kudai fidia. Mthamini anatakiwa kwa mara nyingine arudi nyuma ya tarehe fulani na kuiona nchi kama ilivyokuwa kabla ya habari kuenea. Mwaka 1962 tarehe ilirudishwa nyuma ili muuzaji asipate hasara, na aliyelipa tofauti akawa mkulima wa Kiafrika; chini ya sheria ya 2019 inarudishwa nyuma ili mnunuzi, ambaye ni serikali, asilipe zaidi, na mwenye kubeba tofauti ni mjukuu wa mkulima yuleyule.